Uzi wa mipaka ya utumbo: kutoka mabeseni ya supu Majengo hadi meza ya upasuaji

Mwalimu wa Ihumwa (bandiko la 1)

Mbukwenyi wakuu.

Jambo hili limenikaa kifuani miaka minne na leo nimeamua kuliandika lote. Ni refu. Mwenye haraka alihifadhi, alisome usiku.

Mama yangu aliuza supu ya utumbo karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma mjini tangu sijaanza darasa la kwanza. Saa kumi alfajiri mimi nashika taa, yeye anaosha. Beseni la kwanza taulo, yaani lile tumbo kubwa la ng'ombe, la pili kitabu, tumbo lenye kurasa kurasa, la tatu utumbo mwembamba, na ule mpana aliutenga peke yake kwa sababu ya harufu. Kila kimoja kilikuwa na usafi wake: taulo hukwanguliwa kwa kisu na maji ya moto, kitabu hufunuliwa ukurasa kwa ukurasa, utumbo mwembamba hugeuzwa ndani nje kwa kijiti. Na kila kimoja kilikuwa na moto wake. Ukivitia sufuria moja tangu mwanzo, utumbo mwembamba unalainika mpaka unakatika huku taulo bado linavutika kama mpira. Mama hakupita darasa la nne, ila ukimpa gizani kipande cha urefu wa kidole gumba, alikipapasa akakwambia kimetoka sehemu gani ya mnyama. Akifika pale sehemu moja inapokomea na nyingine inapoanza, alisimamisha kisu akasema: "Hapa nyama inabadilisha jina."

Maneno hayo nimeyasikia utoto wangu wote. Sikuyatilia maanani hadi alipozaliwa mwanangu wa pili.

Alizaliwa na kilo zake nzuri, analia, ananyonya. Siku ya kwanza hakupata choo. Siku ya pili hakupata. Siku ya tatu tumbo limejaa kama ngoma na anatapika kijani. Kituo cha afya cha kwanza tulichompeleka wakasema ni gesi, wakatupa dawa ya matone na kuturudisha nyumbani. Kituo sikitaji jina na sitaki mtu akitaje hapa. Ninachotaka kila mzazi akijue ni hiki: mtoto mchanga aliyetimiza miezi yake hupata kile choo cheusi cha kwanza ndani ya saa 24, na wachache huchelewa hadi 48. Zikipita hizo hakuna kitu, tumbo linajaa na matapishi ni ya kijani, hiyo si gesi. Hiyo ni hospitali usiku huohuo.

Tulikwenda. Walimpiga picha ya eksirei wakiwa wameingiza dawa nyeupe kwa njia ya haja kubwa, kisha wakachukua kipande kidogo cha nyama wakakitazama kwa darubini. Daktari wa upasuaji akaniita, akageuza kadi ya kliniki akachora bomba refu nyuma yake. Akasema, "Mwalimu, utumbo wa mwanao haujatoboka wala haujaziba. Kinachokosekana ni seli za neva kwenye kipande cha mwisho. Huku juu zipo, huku chini hazipo. Kazi yangu kesho ni kutafuta mpaka."

Ugonjwa huo unaitwa Hirschsprung, kwa jina la Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark aliyeueleza mwaka 1886. Humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000. Lakini mimi usiku ule sikulala kwa sababu ya lile neno "mpaka". Nilimsikia mama na kisu chake.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata, nikisaidiwa na vijana wawili wa chuo. Nilichokikuta kimebadilisha hata ninavyofundisha.

Sisi walimu wa baiolojia tunaichora njia ya chakula kama barabara yenye vituo: kinywa, umio, tumbo, duodeni, hadi mwisho. Wanafunzi wanakariri, wanapata alama zao. Hatuwaambii kwamba mwanzoni vituo havipo. Kiinitete cha binadamu cha wiki nne kina bomba tu: safu ya seli ndani, nyama laini kuizunguka, na ukilitazama kwa macho huoni tofauti ya mbele na nyuma. Bomba hilohilo moja ndilo litakalotoa umio wa sentimita 25 wenye utando mgumu wa tabaka nyingi. Ndilo litakalotoa mfuko wa tumbo unaomwaga asidi, utumbo mwembamba wa mita 6 hivi uliojaa vijidole vya kufyonza, na utumbo mpana wa mita 1.5 usio na kijidole hata kimoja. Nani anaiambia seli iko wapi?

Jibu ni kwamba seli hupewa anwani. Kuna jeni zinazoitwa HOX, sisi wanyama tunaonyonyesha tuna 39, zimejipanga katika mafungu 4. Mpangilio wake kwenye kromosomu unafuata mwili: zilizo mwanzo wa fungu hufanya kazi upande wa kichwa, za mwisho upande wa mkia. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Juu ya anwani hizo kuna jeni mbili ninazopenda kuzifikiria kama wazee wawili wa mpakani. SOX2 inashika mbele, umio na tumbo. CDX2 inashika nyuma, utumbo wote. Mwanzoni maeneo yao yanaingiliana na mpaka hauonekani. Siku zinavyokwenda, pale mmoja anapotawala mwenzake hunyamaza, mpaka mstari unakaza. Mwaka 2009 watafiti waliwaondolea vijusi vya panya jeni ya CDX2 kwenye safu ile ya ndani. Sehemu ya nyuma iliyopaswa kuwa utumbo ikaota utando wa tabaka nyingi kama wa umio. Yaani bila mzee wa nyuma, wa mbele alichukua shamba lote.

Sasa zile seli za neva. Hazizaliwi ndani ya utumbo. Zinatoka mgongoni, karibu na shingo ya kiinitete, zinaingia mwanzo wa bomba kwenye wiki ya 4, kisha zinashuka ndani ya ukuta wake, zikizaana njiani, na kufika mwisho kwenye wiki ya 7. Na bomba lenyewe halizisubiri, linarefuka huku zinatembea. Ndiyo maana ugonjwa huu huanzia mwisho wa utumbo kupanda juu: huko ndiko kunakofikiwa mwisho. Kwa watoto wengi, kama 8 kati ya 10, safari inakatikia karibu kabisa, kwenye puru na kona ya juu yake. Za mwanangu zilikatikia hapo.

Jambo moja lilinichanganya na huenda likakuchanganya na wewe. Ukitazama tumbo la mtoto kama huyo, kipande kilichovimba ndicho kizima, na kile chembamba kinachoonekana cha kawaida ndicho kigonjwa. Bila zile seli, misuli haijui kulegea. Inabana tu, na kila kitu kinarundikana juu yake.

Nimeweka mezani. Karibuni tusaidiane, na mwenye kunikosoa anikosoe.

Kijana wa Area C

Nimeweka kambi hapa mwalimu. Mungu amkuze huyo mtoto.

Mama Neema wa Nkuhungu

Pole sana mwalimu kwa mliyopitia, mpe pole na mama watoto. Mimi wangu ana mwaka mmoja na nusu, anapata choo kigumu baada ya siku tatu au nne, tangu nimuanzishe uji. Nimesoma hapa moyo unanienda mbio. Je, na yeye atakuwa na hili?

Tabibu wa Makole

Mama Neema, tulia kwanza. Swali la kujiuliza ni siku zake za mwanzo. Kama alipata choo cheusi ndani ya siku ya kwanza, na wakati ananyonya tu alikuwa anapata choo vizuri, na shida imeanza na vyakula, basi mara nyingi hiyo ni kufunga choo kwa kawaida. Maji, mboga, papai, na usimpe maziwa ya ng'ombe kupita kiasi. Lakini kama tangu kuzaliwa hajawahi kupata choo bila kusaidiwa, tumbo limejaa muda wote na haongezeki uzito, mpeleke akaonwe na daktari wa watoto, na umweleze habari ya zile siku za mwanzo bila kuulizwa. Wapo wanaogunduliwa wakiwa wakubwa kabisa kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Mama Neema wa Nkuhungu

Cheusi alipata siku ileile ya kuzaliwa, namkumbuka bibi yake akisema "huyu amefungua". Ahsante dada, au kaka, nimepumua.

Mchinjaji Kizota

Mwalimu, mama yako namheshimu bila kumwona. Mimi niko kwenye nyama miaka kumi na sita na ninachokiona kila siku umekiandika. Kwa ng'ombe, pale kitabu kinapoingia kwenye lile tumbo la mwisho, rangi inageuka palepale: huku kijivu, kavu, ngumu, huku pinki, laini, inateleza. Unaweza kuweka kisu juu ya mstari. Pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye mpana pia hukosei. Lakini huo mwembamba wenyewe nimeuvuta mita kwa mita sijawahi kuona mstari. Shuleni walitufundisha una sehemu tatu. Ziko wapi? Nikate wapi niseme hii imeisha hii imeanza?

Bwana Mifugo Mpwapwa

Swali la mchinjaji nitamwachia mwalimu, ila kuhusu huo mstari wa kijivu na pinki niseme kidogo, maana watu wengi wanaamini ng'ombe ana matumbo manne yanayofanana.

Taulo, lile lenye vyumba kama masega ya nyuki, na kitabu, yote matatu ndani yana utando wa tabaka nyingi, jamaa wa ule wa umio. Hakuna tezi za asidi hata moja. Kazi yake ni kuchachusha majani kwa msaada wa vijidudu na kufyonza kinachotokana na uchachu huo. Taulo la ng'ombe mkubwa linabeba lita 100 na zaidi. La nne peke yake ndilo tumbo kama la kwetu, lenye tezi za asidi na kimeng'enya. Mtu ukimwona anagandisha maziwa kwa kipande cha tumbo la ndama, anatumia hilo la nne. Na kwenye kiinitete yote manne yanatokana na kichipukizi kimoja cha tumbo. Umio haukuchangia, ingawa ukitazama utando utadhani ni umio uliopanuka.

Ndama akizaliwa, hilo la nne ndilo kubwa kuliko yote na taulo ni kijifuko tu. Maziwa anayonyonya hupita kwenye mfereji unaojikunja kutoka umio, yakaruka taulo na kwenda moja kwa moja hadi la nne. Akianza kutafuna majani, asidi zinazotokana na uchachu ndizo zinazochochea taulo kuota zile nyuzi zake. Ndama ukimpa maziwa tu miezi mingi, taulo lake linabaki kama kitambaa kilichochakaa. Nimeona kwa macho.

Na punda! Hapa Ugogo punda tunamjua kwa madumu ya maji, wachache wamemwona ndani. Tumbo lake ni moja, lakini ndani limegawanyika kwa ukingo ulioinuka kama mshono wa kanzu: juu ya ukingo utando mweupe mgumu usio na tezi, chini yake utando mwekundu wenye tezi. Farasi yuko hivyohivyo. Panya naye ana ukingo wa namna hiyo. Binadamu hana. Kwetu mstari huo umesogea hadi pale umio unapokutana na tumbo.

Mwalimu wa Ihumwa

Bwana Mifugo, shikamoo. Hilo la kanzu nitalitumia darasani.

Mchinjaji, swali lako lilinisumbua wiki nzima wakati ule, na jibu ni kwamba jicho lako halijakosea. Mstari haupo.

Chukua barabara. Ukitoka hapa mjini kwenda Singida, unapita Bahi, mashamba ya mpunga, tambarare tupu, halafu mbele yako unasimama ukuta wa bonde la ufa. Gari linapanda, na ukifika juu upande wa Manyoni uko nchi nyingine. Huo ndio mpaka wa kitabu na tumbo la nne, au wa tumbo na duodeni. Sasa geuka uende Morogoro. Mibuyu inapungua, majani yanaongezeka, Kibaigwa, Gairo, na kabla hujajua milima ni ya kijani. Ukiulizwa ukame umeishia kilomita ya ngapi huwezi kujibu, ingawa kila mtu anaona umeisha. Huo ndio utumbo mwembamba.

Sehemu tatu za vitabuni ni za msaada tu. Ya kwanza, duodeni, ina urefu wa sentimita 25 hivi kwa binadamu, inajulikana kwa sababu imeshikwa nyuma ya tumbo na inapokea nyongo na maji ya kongosho. Mbili zilizobaki zinaingiliana polepole: vijidole vinafupika, ukuta unakuwa mwembamba, mabaka ya kinga yanaongezeka kadiri unavyoshuka. Lakini kazi zimegawanywa kwelikweli. Madini ya chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni, kwenye duodeni. Vitamini B12 na chumvi za nyongo hurudishwa mwilini mwisho kabisa. Mtu akikatwa kipande hicho cha mwisho, hata akibakiwa na mita tano za utumbo, atahitaji sindano za B12, maana zile mita tano hazijui kazi hiyo. Mwaka 2024 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopima seli za utumbo mwembamba kwa urefu wake wote, wa panya na wa binadamu, wakaona kanda 5 za kazi badala ya 3. Huenda mama angewaambia bila kipimo.

Kuna jeni inaitwa GATA4 inayofanya kazi mwanzo na katikati na kunyamaza karibu na mwisho. Panya wakiondolewa jeni hiyo, sehemu ya katikati inaanza kufanya kazi za sehemu ya mwisho.

Mwaka wa Nne UDOM

Mwalimu, nakuheshimu, na nakukosoa kama ulivyoomba. Umeandika kana kwamba ile safu ya ndani inajiamulia yenyewe kwa jeni zake. Hapana. Nusu ya habari iko kwenye ile nyama laini iliyo chini yake, uliyoitaja kwa neno moja ukaipita.

Mfano mzuri ni tumbo. Ishara inayoitwa Wnt huvuta safu ya ndani iwe utumbo. Kwenye nyama iliyo chini ya tumbo kuna jeni ya BARX1 inayozima ishara hiyo. Angalia: BARX1 haiko kwenye seli za safu ya ndani kabisa, iko kwa jirani. Panya asiye na BARX1, tumbo lake huanza kuota seli za utumbo. Kwa hiyo mpaka unatokana na mazungumzo ya tabaka mbili, wa ndani anauliza, wa chini anajibu.

La pili ni kubwa zaidi kwangu. Umeandika kana kwamba mpaka ukishawekwa kabla ya kuzaliwa, kazi imeisha. Safu ya ndani ya utumbo hubadilishwa yote kila siku 3 hadi 5. Seli zinazaliwa chini kwenye vishimo, zinapanda, zinafanya kazi, zinabanduka na kwenda na choo. Ule utumbo aliokuwa nao mwanao Jumatatu, Ijumaa haupo. Na bado mpana unabaki mpana. Nani anakumbuka? Seli shina zilizo ndani ya kila kishimo. Ukizitoa ukazikuza kwenye chombo cha maabara, za duodeni hukua duodeni na za utumbo mpana hukua utumbo mpana, bila jirani wa kuzielekeza.

Lakini kumbukumbu hiyo inalindwa. Mwaka 2022 watafiti waliondoa jeni ya SATB2 kwenye utumbo mpana wa panya wazima, waliokwisha kukua, na utando ukageuka kufanana na mwisho wa utumbo mwembamba. Mpaka ulikuwa unalindwa kila siku, na mlinzi alipotolewa, ardhi ikabadilika.

Mwalimu wa Ihumwa

Nimekosolewa na nimekubali yote mawili. La pili limenigusa kuliko unavyojua.

Naongeza jambo dogo linalokwenda na hoja yako. Utumbo mpana wa kijusi cha binadamu huota vijidole kwa muda, kama mwembamba, halafu vijidole hivyo hutoweka kabla ya kuzaliwa. Yaani mpana unajua njia ya kuwa mwembamba na unaiacha.

Mwaka wa Nne UDOM

Ndiyo, na ndipo matumaini yalipo. Kuna watu waliokatwa utumbo mwembamba karibu wote, chakula kinapita bila kufyonzwa, wanaishi kwa kulishwa kwenye mshipa. Mwaka 2021 watafiti wa Japani walibandua safu ya ndani ya kipande cha utumbo mpana wa panya buku wa maabara, wakapandikiza pale seli za utumbo mwembamba. Zikashika, zikaota vijidole kwenye ukuta wa mpana, na wanyama waliokuwa na utumbo mfupi wakaishi vizuri zaidi. Ni panya bado. Lakini ni kitu.

Dereva wa Veyula

Samahani wataalamu, mimi swali langu ni la aibu kidogo ila humu hatujuani. Nina bawasiri. Ya kwanza ilikuwa inatoa damu tu, haiumi hata kidogo. Mwaka huu imetoka nyingine, hii ni moto, siwezi kukaa kwenye kiti cha gari. Kwa nini moja haiumi na nyingine inaua, na zote ziko palepale?

Tabibu wa Makole

Hakuna aibu kaka. Na swali lako liko katikati ya mada, maana umekaa juu ya mpaka mkali kuliko yote.

Ndani ya njia ya haja kubwa, sentimita kama 2 kutoka nje, kuna mstari wenye meno meno. Juu ya mstari huo nyama inatokana na lile bomba la ndani alilolieleza mwalimu. Chini yake inatokana na ngozi iliyoingia kutoka nje. Zimekutana pale wakati wa kiinitete na kila moja imebaki na neva zake. Neva za upande wa juu huhisi kujaa na kuvutwa, kisu hazikihisi. Za chini ni neva za ngozi, kama za kidole chako. Bawasiri iliyoota juu ya mstari hutoa damu bila maumivu. Iliyoota chini, hasa damu ikiganda ndani yake, ni moto uleule unaousema. Nenda ukaonwe mapema, hiyo yenye maumivu mara nyingine hupasuliwa kidogo ukapata nafuu siku hiyohiyo. Na ile ya damu usiihukumu mwenyewe kuwa ni bawasiri. Damu kwenye choo inaweza kutoka juu zaidi, lazima daktari atazame.

Kwa kuwa tumefika kwenye neva, niwape na hili. Lile bomba la mwanzo lilikuwa na kanda tatu, kila moja na mshipa wake mkubwa wa damu na neva zake, na kanda hizo zinabaki kwenye maumivu ya mtu mzima. Ya mbele huumia kwenye chembe cha moyo. Ya katikati huumia kuzunguka kitovu. Ya nyuma huumia chini ya kitovu. Kidole tumbo ni cha kanda ya katikati. Ndiyo maana kikianza kuvimba mgonjwa hushika kitovu na kusema "nimekula kitu", kisha baada ya saa kadhaa maumivu yanahamia chini kulia, pale uvimbe unapogusa ukuta wa tumbo. Mtu akikusimulia safari hiyo ya maumivu usimpe dawa ya minyoo. Mpeleke hospitali.

Dereva wa Veyula

Barikiwa sana. Kesho asubuhi naenda, gari nampa mdogo wangu.

Bibi Shamba Hombolo

Na kiungulia je? Mume wangu miaka kumi anakunywa maji ya magadi usiku ndipo alale. Tumeambiwa ni kawaida ya utu uzima.

Tabibu wa Makole

Mama, shikamoo. Miaka kumi si kawaida, na aonwe.

Pale umio unapokutana na tumbo kuna mstari unaoonekana hata kwa macho ukitazama kwa kamera: juu weupe wa umio, chini wekundu wa tumbo. Asidi ikipanda kila usiku miaka mingi, utando wa umio unaungua, unapona, unaungua. Kwa baadhi ya watu unachoka kupona kama ulivyokuwa na badala yake unaota utando wa aina ya utumbo, na ile CDX2 ya mwalimu inawaka mahali isipotakiwa. Hali hiyo inaitwa Barrett, kwa jina la Norman Barrett, daktari wa upasuaji wa Uingereza aliyeandika kuhusu umio huo mwaka 1950. Si saratani, ila huongeza hatari ya saratani ya aina moja, kwa hiyo hufuatiliwa.

Ndani ya tumbo hutokea jambo la namna hiyo kwa njia nyingine. Bakteria wa Helicobacter pylori akikaa miaka mingi bila kutibiwa, vipande vya utando wa tumbo vinaweza kugeuka vya aina ya utumbo. Huyo bakteria ndiye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 2005. Anatibika kwa dawa za wiki mbili hivi.

Lakini kwetu Afrika Mashariki saratani ya umio iliyo nyingi ni ile inayoanzia kwenye utando wenyewe wa tabaka nyingi, juu ya mstari. Ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kushuka hadi Afrika Kusini, unayo kwa wingi. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa mwaka 2016 liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani hiyo. Uji na chai mviache vipoe. Na mtu yeyote anayeanza kukwama ugali, kisha nyama, kisha hata uji, asisubiri mwezi.

Bibi Shamba Hombolo

Nimesikia mwanangu. Nitamleta Jumatatu akitaka asitake.

Mchinjaji Kizota

Mwalimu, hujamaliza. Mtoto yuko vipi? Na mama yako alisemaje?

Mwalimu wa Ihumwa

Mtoto ana miaka minne. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa migumu, choo kilikuwa mara nyingi kwa siku, ngozi inachubuka, mke wangu hakulala. Mara moja utumbo wake ulivimba akalazwa siku tisa. Sasa anakula ugali na mlenda, anakimbia, mwezi uliopita alianza kwenda chooni mwenyewe usiku bila kuniamsha.

Siku ya upasuaji mama alikaa nami nje kwenye benchi. Daktari alipotoka alitueleza kwamba alikata kipande kidogo, akakipeleka kwa mwenzake wa darubini, jibu likarudi kwamba hakuna seli. Akapanda juu sentimita chache, akakata kingine: zipo, lakini chache, zimetawanyika. Hapo pia hakukubali, kwa sababu mpaka wa seli hizi si mstari, ni eneo la katikati, na ukiunganishia humo utumbo hautafanya kazi vizuri. Akapanda tena. Cha tatu kilikuwa kimejaa. Hapo ndipo alipokata, akauvuta utumbo mzima chini na kuushona.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Daktari alipoondoka aliniuliza kwa Kigogo kama nimeelewa sawasawa, kwamba yule kijana hakuwa anauona mpaka kwa macho. Nikamwambia ndiyo, hauonekani kwa macho.

Akatazama mikono yake kitambo. Akasema, "Kwa hiyo na yeye alikuwa anapapasa."